Donge la Akiba

Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa Fundi ulimponza Jumapili ya kwanza tu alipokaribishwa sebuleni kwa kina Kidonge.

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe, na mikono ameibana katikati ya magoti, maana saruji ilikuwa imegoma kutoka kwenye kucha. Mbele yake alikaa mama yake Kidonge, ambaye mtaa mzima, pamoja na mumewe, ulimwita Mwalimu. Mama huyo alifundisha sayansi kimu miaka thelathini na mmoja. Shule alistaafu, kufundisha alikataa kata kata. Maswali ya ukoo hakuuliza, wala ya kipato. Aliuliza moja tu.

"Wewe kijana, unajua kupika nini?"

Jibu la kweli lilikuwa chai, na hiyo chai nayo wenzake kazini walikuwa wakiinywa kwa kumwonea huruma. Lakini juu ya meza palikuwa na jarida la zamani lenye picha ya pizza, na jicho la Fundi likatua hapohapo.

"Pizza," akasema.

Kidonge alikuwa akimimina juisi. Akaimimina nje ya glasi.

"Ya unga gani?" Mwalimu akauliza. "Maana Mzee hapa daktari amemkataza unga mweupe. Sukari yake inapanda."

"Ngano nzima, Mwalimu. Ile yenye pumba zake. Mimi ndiyo ninayoipenda hasa."

"Na inakuchukua muda gani?"

"Ya haraka tu. Saa moja. Ikizidi sana, na robo."

Mwalimu akatabasamu. Kidonge alilijua tabasamu lile tangu utotoni, na hakuwahi kuona jema likilifuata.

"Vizuri sana. Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, jikoni kwangu. Unga ninao."

Mgeni alipoondoka, Mwalimu alimwita binti yake akamkalisha. "Sina ugomvi na saruji," akasema. "Nyumba hii hatukuiokota, ilijengwa na mafundi. Lakini fundi ujenzi ni mtu anayekujengea jiko, akimaliza anafungasha vifaa anaondoka, hata kuliwasha haliwashi. Mimi sitaki mkwe wa kuondoka. Akifaulu, wajomba zake waje mwisho wa mwezi kama anavyoomba. Akianguka, jambo hili lisirudi tena mezani kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ana funguo za duka zima la dawa, ana watu wazima wanaomwamkia kwa heshima wakimletea vyeti vya daktari. Lakini mbele ya mama yake alikuwa bado wa darasa la tatu, na neno la Mwalimu likishatoka ni sawa na matokeo yaliyobandikwa ukutani. Basi ndivyo mambo yalivyokuwa: penzi la mwaka mmoja na miezi miwili liliwekwa juu ya vikombe viwili na nusu vya unga.

Penzi lenyewe lilianzia dirishani pa duka la dawa. Fundi alikuja na kidole gumba kilichopondwa na nyundo, akapewa dawa ya kupaka na bendeji. Kesho yake akarudi na kidole kilekile. Kesho kutwa vilevile. Siku ya tano Kidonge alimwambia kwamba kidole kimepona tangu juzi. Fundi akakitazama kwa mshangao kama cha kuazima, akasema, "Basi itabidi nipige kingine." Kidonge alicheka mpaka akashindwa kuhesabu vidonge vya bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Tangu siku hiyo Fundi akamwita Kidonge, na jina likamganda.

Wiki ile ya kuelekea mtihani, Kidonge alimsihi kila siku waende mahali wakafanye mazoezi. Fundi alikataa.

"Mtihani ni wangu," alisema. "Nimeuliza watu, nimeandika yote kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Nimejaribu mara mbili kwenye tanuri la jirani. Mara ya pili hata mbwa wake alikula."

"Na mara ya kwanza?"

"Tusizungumzie ya kwanza. Wewe niamini tu."

"Nakuamini," Kidonge akasema, tena akimtazama machoni.

Jumamosi saa mbili asubuhi, Mwalimu alipotoka kwenda sokoni kununua nyanya, Kidonge alifunga mlango wa jikoni akakanda donge lake mwenyewe.

Alilikanda kitaalamu. Unga aliupima kwa mizani, maji ya vuguvugu aliyapima kwa kipimajoto, akatia asali kijiko kimoja, mafuta na chumvi. Akafika kwenye hamira. Akatia kijiko, akafikiria sura ya mama yake, akatia na cha pili. Donge akalitia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, ndoo akaificha bafuni nyuma ya tangi la maji ya moto, mahali pasipofikiwa na jicho la mtu. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mambo yakienda mrama, atazusha zogo lolote sebuleni, na Mama akigeuka, donge zuri litaingia na baya litatoka. Kupata maksi za wizi ni aibu, alilijua hilo. Kumkosa Fundi alikuona ni kufa.

Saa nne kasoro dakika mbili Fundi aligonga mlango. Aliamkia, akaitikiwa. Mikono aliisugua vizuri safari hii, mpaka ngozi ilikuwa nyekundu. Mwalimu alivaa aproni, amechomeka kalamu nyekundu nyuma ya sikio, ameshika karatasi ya maksi aliyoipigia mistari kwa rula.

"Masharti," akasema. "Saa moja na robo. Vifaa vyote viko mezani. Msaada hakuna. Wewe," akamnyooshea Kidonge kalamu, "unakaa pale mlangoni, mdomo umefungwa. Ukitaka kusema, kaseme barazani."

Kidonge akakaa. Fundi alimtupia jicho moja la haraka, lile la dirishani, na moyo wake ukamwenda mbio kama wa msichana wa miaka kumi na sita. Mtu huyu alikuwa anakwenda kupigana na unga kwa ajili yake.

Fundi akaanza kwa kuchukua chekecheke.

Kwa miaka kumi na miwili, kila asubuhi, alikuwa amechekecha mchanga, laini unabaki na vijiwe vinatupwa. Akamimina unga, akatikisa mara tatu, na pumba zikaanza kubaki juu. Kidonge akaona maafa. Akitupa pumba hizo, ngano nzima imekuwa ngano nusu, na Mzee na sukari yake watakuwa wamepikiwa kile kile daktari alichokataza. Akakohoa.

"Kifua hicho," Mwalimu akasema bila kugeuka, "kina nafasi ya kukohoa mara moja tu, na umeshaitumia."

Lakini Fundi hakuwa amesikia kikohozi wala nini. Alikuwa amesimama anazitazama pumba. Akazichota kwa vidole, akazisugua.

"Hapana," akajisemea. "Hizi ndizo kokoto zenyewe. Ukizitoa, zege halishiki." Akazirudisha zote ndani ya bakuli.

Kalamu nyekundu ikaandika kitu. Kidonge akavuta pumzi.

Kuanzia hapo kijana alikwenda vizuri, tena vizuri kuliko alivyostahili. Hamira aliitia kwenye maji ya vuguvugu yenye asali, akasubiri mpaka povu likapanda. Unga aliukusanya ukawa kilima, akatoboa shimo katikati, akamwaga maji shimoni, akaanza kuvuta unga kutoka pembeni kuingiza ndani, mzunguko baada ya mzunguko, bila kumwagika hata tone. Kazini, vijana wanaomsaidia huchanganya saruji kwenye shimo kama hilo. Unga ulipoanza kunata na kumganda viganjani, Kidonge alijua ni hapa watu wote hukosea, huongeza unga mkavu mpaka donge linakuwa gumu. Fundi hakuongeza. Alilifunika kwa kitambaa kibichi akakunja mikono.

"Mbona umesimama?" Mwalimu akauliza.

"Nimeliacha linywe, Mwalimu. Kitu chenye chembe kubwa hunywa maji polepole. Ukiongeza kikavu sasa, baadaye kitakulilia."

"Nani kakufundisha hilo?"

"Ukuta," akasema Fundi.

Baada ya dakika kumi donge halikunata tena. Alilikanda kwa kisigino cha kiganja, mabega yakipanda na kushuka chini ya shati, na Kidonge akajikuta anatazama mabega badala ya donge. Akajikemea. Akatazama tena. Kila chombo alichokitumia Fundi alikiosha papo hapo kabla hakijakauka, kwa sababu saruji ikikauka kwenye chombo, chombo ndiyo kwaheri. Mwalimu, ambaye mumewe hajawahi kuosha kijiko katika ndoa ya miaka thelathini na minne, aliandika kitu kirefu kwenye karatasi yake.

Donge lilipumzika dakika ishirini likaumuka likajaa vizuri. Fundi akalisukuma likatandaa, na umbo likaja la mraba, pembe nne zimenyooka kabisa. Alifunga jicho moja akazikagua kwa mbali. Akapaka nyanya kwa mkono mmoja wa kupitisha kama mtu anayepiga lipu, akanyunyiza jibini, akafungua oveni.

Mwalimu alikuwa ameiwasha tangu awali, moto mkali kama inavyotakiwa. Joto lilimpiga Fundi usoni akarudi nyuma hatua moja. Akaiangalia pizza yake mbichi. Akaiangalia oveni. Kidonge akaona wazo linamwingia, akalitambua, akatamani kupiga kelele.

"Moto huu utaipasua," Fundi akasema kwa huruma. "Kitu kibichi hakikaushwi haraka." Akazungusha kitufe cha oveni kuelekea chini, chini tena, mpaka karibu na mwisho, akaingiza trei, akafunga mlango taratibu kama anamlaza mtoto.

Kalamu haikuandika. Kidonge alikiangalia kitufe kile na kuona nyumba yake, harusi yake na watoto wake wawili ambao hata majina ameshawapa, wote wanakauka polepole kwa moto mdogo.

Dakika kumi zikapita. Ndani ya kioo pizza ilikuwa nyeupe kama mgonjwa. Dakika kumi na tano. Kidonge akasimama.

"Naenda bafuni," akasema.

"Yumo baba yako," Mwalimu akajibu. "Ametoka matembezini, anaoga."

Kidonge akaketi tena. Na siku za mwizi ni arobaini, lakini hakujua kwamba za kwake zingekuwa saa tatu tu, maana dakika ileile sauti ya Mzee ilitoka bafuni, si ya mtu mwenye hofu hasa, bali ya mtu anayetaka ushauri.

"Mwalimu! Hebu njoo! Kuna kitu humu kinapumua!"

"Kitu gani?"

"Sikijui! Kimefungua mfuniko chenyewe! Kimekalia ndala yangu!"

Mzee alitokea koridoni amejifunga taulo, ameikumbatia ndoo kwa mikono miwili. Donge lilikuwa limeumuka likafurika, limening'inia pande zote, na kwa kweli lilikuwa linapumua, mapovu yakipanda na kupasuka. Ndala moja ilikuwa imeganda ubavuni. Fundi aligeuka kutoka kwenye oveni. Mwalimu alilisogelea donge, akalitoboa kwa kidole kimoja, akanusa kidole.

"Unga wa ngano nzima," akasema. "Asali. Hamira vijiko viwili. Mwoga gani amekanda kitu hiki?"

Hakungoja jibu. Alimgeukia binti yake, na binti yake akaitazama sakafu.

"Nje, nyote wawili," Mwalimu akasema. "Nina maksi za kujumlisha. Mzee, vaa nguo."

Walisimama uani katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Fundi hakufoka. Kidonge alikuwa amejiandaa kufokewa na angejua la kufanya, lakini mtu huyu alisimama tu anasugua unga kwenye vidole vyake.

"Sema basi," Kidonge akamwambia.

"Lile lilikuwa langu?"

"Lilikuwa la akiba. Kama mambo yangeharibika."

"Ukaniona nitaharibu."

"Umeharibu! Umepunguza moto! Nimekaa pale nimekuona kwa macho yangu unageuza kitufe, na siruhusiwi hata kukohoa! Unajua nilivyoumia?"

"Moto nimeupunguza saa tano," Fundi akasema polepole. "Donge lako umelificha saa ngapi?"

Kidonge akaanza kunyoosha shuka lililoanikwa.

"Saa ngapi, Kidonge?"

"Saa mbili."

"Saa mbili mimi nilikuwa nyumbani napiga pasi shati. Nilikuwa sijakosea chochote bado." Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Mama yako haniamini, sawa, hanijui. Nilikuwa nakuja kupambana naye nikijua humu ndani niko na mtu mmoja. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Maneno hayo yalimwingia Kidonge yakamkata. Angeweza kusema mengi, kwamba alikuwa anampenda, kwamba mapenzi ndiyo yaliyokanda lile donge. Lakini alijua si mapenzi yaliyotia kijiko cha pili cha hamira. Hapo alilia, kwa sauti, bila kujali majirani.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa kukukosa, nikaona afadhali nikupate kwa kudanganya. Sikukuamini. Nilikwambia nakuamini na sikukuamini. Nisamehe."

Fundi alishika pembe ya shuka lililokuwa karibu, akataka kumpa afute machozi, akaona ni shuka la Mwalimu, akaliachia haraka. Akatoa leso yake. Hakusema amemsamehe. Lakini leso hiyo alimfutia mwenyewe, kwa kidole gumba kilekile, na kidole kilikaa shavuni muda kidogo kupita ulivyohitajika.

"Watahiniwa!" sauti ikaita kutoka jikoni.

Mzee, sasa akiwa amevaa, alikuwa ameketi mezani mbele ya pizza. Ilikuwa nzuri kutazama kwa mbali, mraba kamili, nyeupe na nyekundu. Mwalimu aliigonga kwa ukucha, ikalia kama kigae. Kisu kiliingia robo kikakataa kuendelea. Mwishowe Fundi aliivunja ukingoni mwa meza kwa mikono miwili, kama anavyokata tofali, akampa Mzee kipande. Mzee akatafuna. Walisubiri. Mzee akaendelea kutafuna.

"Ladha ipo," akasema hatimaye. "Iko mbali kidogo, lakini ipo."

"Mwalimu," Fundi akasema, amesimama wima. "Kabla hujasoma, niseme kweli. Mimi kupika sijui. Siku ile niliona picha kwenye jarida."

"Jarida lile liliwekwa pale na mimi," Mwalimu akajibu. "Kila kijana aliyekuja hapa kumwulizia binti yangu nimemwuliza swali lile mbele ya jarida lile. Wa kwanza alisema keki, kwa sababu siku hiyo palikuwa na picha ya keki. Hakurudi. Wa pili aliniambia kupika ni kazi ya wanawake, akarudi kwao kabla juisi haijamiminwa. Wewe ndiye wa kwanza kutokea siku ya mtihani." Akavaa miwani. "Vipimo, kumi na nne kati ya ishirini. Kukanda na kupumzisha, kumi na saba. Usafi, kumi na tisa, na ile moja nimeinyima kwa sababu ishirini simpi mtu. Umbo na ladha, tatu. Oveni, sifuri. Jumla hamsini na tatu. Alama ya kufaulu ni hamsini."

Kidonge aliruka kutoka kwenye kiti. "Amefaulu! Mama, amefaulu!"

"Keti. Sijamaliza." Sauti ilikuwa ile ya darasani, na Kidonge akaketi. "Ukikutwa msaada wa nje kwenye eneo la mtihani, mtihani unafutwa. Msaada umekutwa. Umefutwa."

Kilisikika kipande cha pizza tu, katika meno ya Mzee.

Kumbe Fundi alikuwa amefaulu. Kwa mikono yake, kwa mchanga na ukuta wake, kijana huyu alikuwa ameshapita kwa maksi tatu, na aliyemwangusha si Mwalimu wala oveni. Ni Kidonge mwenyewe, kwa ndoo yake.

"Mama, hakujua! Nakuapia hakujua! Nifute mimi!"

"Najua hakujua. Nilikuwa namtazama usoni ndoo ilipotoka. Lakini kanuni ni kanuni. Miaka thelathini na mmoja sijamwachia mtu hata mmoja, na siwezi kuanza na mkwe wangu."

Mzee akaacha kutafuna. "Umesema mkwe?"

"Nimesema mtahiniwa."

"Sisi tumesikia mkwe," Mzee akasema, akimkonyeza Fundi.

"Mzee, kula." Mwalimu aliivua miwani, akaifuta kwa aproni muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Marudio ni Jumamosi ijayo, saa nne kamili. Na wale wajomba zako, waambie wasingoje mwisho wa mwezi. Waje Jumamosi hiyohiyo. Ukoo ukimtuma mtu kuposa, lazima na wenyewe wale alichokipika."

Fundi alielewa baada ya muda kidogo. Alipoelewa, alishika ukingo wa sinki, lile sinki alilokwisha kulisugua mpaka likang'aa.

"Asante, Mwalimu. Nina ombi moja."

"Sema."

"Pale kiwanjani kwangu nina vyumba viwili vimeezekwa, havijapigwa lipu. Namtaka Kidonge aje Jumapili, siku moja baada ya marudio, apige lipu ukuta wa jikoni. Peke yake. Mchanga ataupata, saruji ataipata, msaada hakuna."

Mwalimu alimwangalia binti yake kwa raha ambayo hakujaribu hata kuificha. "Haki," akasema. "Alama ya kufaulu?"

"Hamsini, Mwalimu."

Kidonge alimsindikiza hadi getini. Mchana ulikuwa umewaka, na mkononi Fundi alikuwa amebeba kipande cha pizza kilichofungwa kwenye gazeti, maana Mzee alisisitiza asiende mikono mitupu.

"Mimi sijawahi kugusa lipu maishani mwangu," Kidonge akasema. "Nitauharibu ukuta wako."

"Utauharibu."

"Itadondoka yote."

"Ya kwanza itadondoka. Ya pili itadondoka zaidi, kwa sababu utakuwa umeshakasirika."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Hapohapo. Nimekaa juu ya ndoo, nimefunga mdomo."

"Hujui ilivyo ngumu kumwona mtu unayempenda anakosea, na wewe umekaa tu."

"Nitaijua siku hiyo," Fundi akasema. "Utakosea, nitakaa. Jioni tutaubandua wote, tuufagie, na asubuhi utaanza upya. Mpaka ushike. Sina haraka, ukuta ni wangu na nyumba ni yetu."

Alilisema hilo la mwisho haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa, kisha akajifanya anatengeneza gazeti. Masikio yalikuwa yamemwiva. Kidonge alimtazama mwanaume huyu aliyevunjiwa imani asubuhi na mchana bado anapanga kuta, akampenda mpaka ikamuuma mbavuni.

"Nije saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi, kabla jua halijakausha mchanga. Uje na nini sijui, labda kofia."

"Sitakuja na kitu," Kidonge akasema. "Nitakuja na mikono yangu hii miwili tu."